Kisanduku Kisicho na Mshale

Mama Serwaa, mshauri wetu wa kila Jumanne, salamu kutoka Kumasi. Kwa heshima na taadhima nautangazia umma kwamba mimi, Yaw Nkansah, meneja wa viti vya plastiki na maturubai ya kukodisha, nimeachishwa kazi kwa kifutio cha penseli.

Naomba unisaidie, maana na mvi zangu hizi nimejiandikisha masomo ya jioni ya uchambuzi na usanifu wa mifumo ya biashara, na mwalimu wetu, Bwana Bediako, akatutuma tuchore biashara tunayoifahamu, nani anampa nani taarifa gani, ndipo tuibunie mfumo wa kompyuta, nami nikachagua ya kwetu, ya viti vya misiba ya Jumamosi, nikachora kila mtu ndani ya kisanduku chake, wafiwa wakimletea mke wangu Afriyie tarehe, Afriyie akimwambia dereva, dereva akiwaambia wapanga viti, mishale ikatiririka vizuri mpaka kwenye kisanduku changu, meneja, nikakuta hakuna mshale unaoingia wala kutoka. Mwalimu akacheka, "Mzee Yaw, kisichopokea wala kutoa hakimo kwenye mfumo," akakifuta. Kwa aibu nikakirudisha na mshale wa uongo: kila tarehe ya msiba ije kwangu kwanza, niidhinishe. Afriyie akauona. "Idhini gani, Baba Ama? Maiti akusubiri uamke?" Mwisho wa mwezi mwenye biashara, yaani Afriyie, lazima aje darasani athibitishe mchoro, naye amegoma, na bila yeye nafeli. Nimshawishi vipi?

*

Yaw, nimekucheka kwanza, ndipo nikakuonea huruma. Kurudi shule na mvi si jambo dogo, hongera. Lakini unataka mkeo aje kuthibitisha uongo? Na ukiujenga mfumo huo, wafiwa watangoja idhini yako huku unakoroma, halafu watakodi viti kwa jirani. Umejifunza kuchora, hujajifunza kuuliza, na kuuliza ndiyo kazi yenyewe uliyoendea shule! Futa mshale huo leo. Mkishamaliza kula, muulize Afriyie ni kazi gani inamkosesha raha. Akikutajia, usibishe wala usimfundishe. Ifanye kwanza, uchore baadaye. Halafu uniambie ilivyokuwa, bila kupamba.

*

Mama Serwaa, sipambi. Nilipomuuliza, alinitazama kama mgeni, kisha akasema, "Jumapili viti vinarudi na tope, nami niko kanisani roho juu. Vioshe, uniambie vingapi vimevunjika kabla sijamwahidi mtu mwingine."

Jumapili nikavaa kaptula. Jirani akachungulia, "Ee, Meneja! Wamekushusha cheo?"

"Wameniajiri," nikamjibu.

Siku ya kuthibitisha mchoro Afriyie alikuja, amevaa kitenge chake cha harusi, akauchunguza mchoro wangu mpya kwa kidole. "Huu mshale wake wa viti vibovu ni wa kweli," akasema. "Wiki hii ameniletea taarifa ya viti viwili. Ila hakusema kwamba alivivunja mwenyewe, alivikalia akiviosha."

Darasa zima likaangua kicheko. Ningeweza kunyamaza, alama zilikuwa njiani. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi mwema. "Vitatu," nikasema. "Kimoja nimekificha nyuma ya maturubai."

Afriyie akacheka mpaka akaketi. "Mwalimu, mpitishe," akasema. "Sasa mshale unafanya kazi."