Nekesa, Mbona Hukuniambia

Nekesa,

Sijui nianzie wapi, kwa hivyo naanza na habari za Kabati, programu yako ya orodha ya dawa, kwa sababu najua ungeniuliza hizo kabla ya nyingine zote. Kabati ilikwama. Haikukwama kwangu, ilikwama kwa Sista Kavata pale zahanati ya Kayole. Nimechukua wiki tatu kujua sababu, na sasa baada ya kuijua ndio nimechanganyikiwa zaidi.

Ile kompyuta yake kubwa iliungua siku stima iliporudi kwa nguvu. Kanisa likamnunulia nyingine, kale kadogo kanakotoshana na kiganja, kasikokula umeme mwingi. Akaweka Kabati humo kama ulivyomfundisha. Ikafunguka vizuri, mpaka alipoiambia isome orodha ya dawa. Hapo ikaanza kuzunguka tu. Alinipigia nikiwa kazini Industrial Area, katikati ya kuhesabu mabati ghalani, akaniambia amesubiri mpaka chai yake imepoa na bado inazunguka. Nikamwambia aizime aiwashe tena. Ndiyo akili niliyokuwa nayo siku hiyo.

Alirudi kwenye daftari. Na Alhamisi ile akampa mama mmoja dawa ya mtoto ya kikohozi, akaisoma chupa tena mama akiwa tayari ameondoka, akakuta imepita muda wake miezi miwili. Alimkimbilia mpaka getini. Alinisimulia polepole, bila kunilaumu. Uliandika Kabati kwa ajili ya jambo hilohilo, dawa iliyokwisha muda isifike mkononi mwa mtu.

Wiki hiyohiyo wale watu wa kujitolea wanaokusanya programu huria wakaandika barua pepe. Walikuwa wameijenga Kabati upya kwa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za aina tano, na aina moja tu, ile ya laptopu zetu, ndiyo ilipita majaribio. Nyingine nne zilikwama palepale pa kusoma orodha. Walisema isiporekebishwa wataiondoa kwenye mkusanyiko wao. Halafu wakauliza nani anaitunza Kabati sasa. Nilikaa na hilo swali siku mbili, Nekesa. Jibu lilikuwa wewe. Niliandika "ni mimi", nikafuta, nikaandika tena.

Nilidhani ni kosa la kompaila. Ni rahisi kulaumu kompaila, ndiyo inayogeuza maandishi yetu kuwa kitu mashine inaweza kuendesha, na haina wa kuitetea. Nikaweka toleo la zamani, ikakwama. Nikaweka jipya kabisa, ikakwama. Nikaiambia isijaribu kuharakisha chochote, ikakwama. Kwenye laptopu yangu kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa, maandishi ni yaleyale, neno kwa neno. Nilianza kuona kama nimerogwa.

Jumamosi nikaazima kale kakompyuta kwa Sista, nikakaleta hapa Komarock, kwenu. Laptopu yako bado iko mezani sebuleni. Mama yako huipanguza vumbi kila asubuhi lakini haifungui. Nikakaa, nikaanza kujenga Kabati ndani ya kale kadogo kenyewe, na onyo likatokea, moja tu, ambalo kwa laptopu sijawahi kuliona. Nikalisoma kwa sauti. Ulikuwa unanilazimisha nisome maonyo kwa sauti kama mtoto anayesoma Biblia kanisani, unakumbuka? Nikalisoma mara tatu mpaka Mama akauliza kutoka jikoni nazungumza na nani.

Onyo lilisema kwamba ulinganisho ule ni kweli daima. Yaani pale programu inapouliza "je, faili halijaisha?" jibu litakuwa halijaisha milele. Nilichora kwenye karatasi ndipo nikaelewa. Tunasoma orodha herufi moja moja, na ikiisha tunapewa hasi moja kama ishara. Hiyo hasi moja tulikuwa tunaitia kwenye char, kile kisanduku kidogo cha herufi. Kwa prosesa za laptopu zetu kisanduku hicho kinabeba namba hasi. Kwa hizo nyingine nne hakibebi. Hasi moja ikiingia inageuka kuwa mia mbili hamsini na tano, ishara inapotea, na Sista Kavata anasubiri mpaka chai inapoa.

Nilifurahi dakika moja. Halafu nikatazama kumbukumbu za mradi nione mstari ule uliandikwa na nani.

Ni mimi.

Ni mstari wangu wa kwanza kabisa, Nekesa. Ile Jumamosi ulinipisha mbele ya laptopu, ukaenda kukaanga mandazi ili usinisimamie, na niliporudia mara ya nne ikakubali. Ulitoka jikoni na unga mikononi, ukasoma, ukasema, "Hii inaenda ulimwenguni leo." Na kweli ukaituma siku hiyohiyo. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikimwambia kila ninayemjua, hata wasioelewa, hata mama wa mboga.

Lakini bado haikuingia akilini. Watu wametumia Kabati kwenye kompyuta ndogo kama ile miaka miwili, mbona hakuna aliyelalamika? Ndipo nikafungua faili lako la maagizo, lile ulilokuwa unalitumia mwenyewe kujenga Kabati kwa kila prosesa. Lilibaki kwenye laptopu yako tu. Wale wa kujitolea hawakuwa nalo, walijenga bila hilo, na Sista alichukua Kabati yake mpya kutoka kwao. Ndani kuna agizo moja kwa kompaila, kwamba char ichukuliwe inabeba hasi kila mahali. Na juu ya agizo hilo umeandika maneno yako mwenyewe:

"Kosa la Mwende. Nitamwambia akimaliza mtihani."

Mtihani nilimaliza. Ulikuwepo, ulininunulia keki, tuliila yote sisi wawili tumekaa kwenye ngazi za ploti. Baada ya hapo tulikaa pamoja karibu mwaka mzima kabla hujaanza kukonda. Jumamosi baada ya Jumamosi. Mbona hukuniambia? Ulisahau? Au uliona nitavunjika moyo niache? Au ulikuwa umeshaamua kwamba mimi ni wa kuandika maelezo tu na kujibu simu, na mambo magumu utayaziba wewe mwenyewe nyuma yangu? Nageuza hivi, nageuza vile. Kuna saa naona ni upendo, naona umenibeba mgongoni miaka miwili sijui. Saa inayofuata naona aibu mpaka masikio yanawaka. Wewe peke yako ndiye unayeweza kunijibu.

Mama akaja na kitambaa cha jikoni begani. Nikamsomea ile sentensi, nikamweleza kwa kifupi. Hakushangaa. Alisema tangu utotoni hukuwa unaweza kumwambia mtu neno la kumuumiza, ulivunja vikombe ukaviunganisha na gundi ukavirudisha kabatini.

"Hata ugonjwa hakuniambia, Mwende," akasema. "Niliambiwa na daktari."

Sikujua hilo. Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyechelewa kuambiwa. Nilipokuuliza mbona nguo zinakupwaya ulisema umeacha chapati. Nikakuamini. Na tulipokusindikiza Bungoma kukuzika, katika ile safari yote ndefu, nilikaa karibu na mama yako nikimwonea wivu kidogo, nikidhani yeye alipata nafasi ya kujiandaa. Samahani. Hakuipata.

Ningeweza kulinakili lile agizo lako moja, nikawatumia wale watu, kazi iishe. Kabati ingepita. Hakuna ambaye angejua. Nilikaa nayo hiyo mpaka mchana, kidole kiko juu ya kitufe. Halafu nikafanya ilivyotakiwa kufanywa tangu mwanzo. Pale palipoandikwa char nikaandika int, kisanduku kikubwa kinachobeba hasi kwenye prosesa zote. Ni neno moja tu, Nekesa. Miaka miwili, chupa ya dawa, Sista kukimbia getini, neno moja. Nikalifuta agizo lako pamoja na yale maneno ya juu yake, na hapo ndipo nililia, kwa sababu ni maandishi yako na mimi ndiye nimeyafuta. Kwenye maelezo ya mabadiliko nikaandika kwamba kosa ni langu, lilikuwa hapo tangu mstari wangu wa kwanza, na kwamba sasa Kabati inatunzwa na mimi. Nikaweka jina langu lote.

Jumatatu nilikapeleka kakompyuta Kayole kabla ya kazi. Orodha ilifunguka kabla Sista hajavuta kiti. Akasoma dawa zilizokuwa juu kabisa, zimepita muda, akaenda rafuni, akatoa chupa tatu akaziweka kwenye ndoo ya kutupa. Alinishika bega akarudi kwa wagonjwa wake.

Kati ya zile prosesa tano, nne sasa zimepita. Moja bado. Ni ya mashine kubwa ambazo sijawahi kuziona kwa macho, zinapanga namba kinyumenyume na zetu, na humo Kabati inasoma tarehe za dawa ovyo. Nimeitazama wiki nzima na sielewi. Nimewaandikia wale watu hivyohivyo, kwamba sielewi, na naomba mtu atazame pamoja nami. Ulikuwa mstari mgumu kuandika kuliko yote.

Pumzika, Nekesa wangu. Sijui kama kuna cha kukusamehe, na kama kipo bado sijafika. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: Kabati haitaondolewa kwa sababu mimi niliona haya kuuliza. Na atakayekaa nami mezani kujifunza, akikosea, atalisikia kutoka kwangu siku hiyohiyo, kwa upole, lakini atalisikia.

Leo nilipofika kwenu, Mama aliniuliza habari za wiki. Nikamwambia nzuri. Halafu nikasita, nikasema, "Hapana, Mama. Siko sawa."

Akazima jiko, akaja akaketi.

Mwende