Jibu la Posa ya Yazeed

Samail, Jumatatu

Kaka yangu Shihab,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute huko Ibra u mzima, na mgongo wako umetulia. Wifi Kaltham hajambo? Watoto je? Mimi sijambo kabisa, alhamdulillahi.

Najua utacheka kuona barua ilhali simu unayo mfukoni. Lakini kwenye simu huniachi nikamaliza, na ujumbe wako Wifi huusoma kabla yako.

Kaka, ni habari ya Jumamosi. Uliniuliza mbele ya wajomba kama namridhia Yazeed, nami nikainamisha kichwa, kimya. Mkaza mjomba wetu, Bi Tufool, akapiga kigelegele, ukasema kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake. Mwari wa miaka thelathini na sita! Wallahi nilikuwa na pande la haluwa mdomoni. Nilipolimeza mlikwishasoma Fatiha, na woga ukanizidi.

Simridhii. Yazeed hana kasoro. Kwao Nizwa wote wanamsifu, hata huku skuli kwetu. Ndiyo maana sitaki kumdanganya. Tafadhali mwambie kabla ya karamu ya Alhamisi, watu wasije wakapika bure, na lawama nipe mimi.

Utauliza sababu, na una haki, kwani tangu baba afariki wewe ndiye walii wangu. Basi nisikilize.

Unamkumbuka Radhia, yule muuguzi, alivyomfanyisha mama mazoezi baada ya kiharusi, mpaka mama akatembea hadi barazani. Mama alikuwa akimcheka Kiswahili chake cha Bujumbura, kisha hakubali kulishwa na mwengine. Mama alipofariki, ni wewe uliyesema haifai mwanamke kukaa nyumba nzima peke yake, ukamwomba Radhia ahamie. Ulifanya la maana kuliko ulivyojua.

Nina raha, kaka. Nikirudi kusomesha namkuta keshachemsha kahawa, tunakaa uani chini ya mdimu tunabishana. Anatia maharage katika kila kitu. Akiniuliza kama nataka “mayi” namcheka, halafu nayanywa. Nilipougua mafua makali aliomba ruhusa kazini siku tatu, akanisomea gazeti mpaka matangazo ya vifo.

Nampenda. Sisemi kwa urafiki. Nampenda kama unavyompenda Kaltham, naye ananipenda hivyo hivyo, mwaka wa pili huu. Nimeandika mstari huu mara nne na mara tatu nimeuchana, lakini ni kweli na sioni haya mbele yako. Naogopa kukukosa tu. Radhia alinisihi niseme sitaki kuolewa, basi, yaishe hapo. Nikamwambia wewe ndiye uliyenishika mkono siku ya kwanza ya skuli, sitaanza kukuficha leo.

Sikuombi unielewe wiki hii. Barua ichane ukishasoma, na Wifi mwambie utakalo.

Nisalimie wote, na Bi Tufool mwambie anisamehe kigelegele chake. Radhia anakusalimu kwa heshima.

Ijumaa tunapika kama kawaida. Ukija na watoto, nitajua mimi bado ni shangazi yao. Usipokuja, sahani yako nitaiweka mezani nikaifunika, na Ijumaa ya pili vile vile.

Ndugu yako akupendaye,
Shukriya