Mshipa wa Roho

Likoni,
Jumatatu, 7 Agosti 1961

Kwa mdogo wangu mpenzi Ghalib,

Assalaam aleikum warahmatullah. Baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, pamoja na mkeo Tima na watoto. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila Mama mguu wake unavimba kila akikaa sana, na haachi kukaa sana, hasa siku ya Alhamisi mchezo wako wa redio unapokuwa hewani. Anakupa dua nyingi. Anayekuletea barua hii ni Thoya, mpishi wetu hapa zahanati. Mpe chai akae, usimwache arudi bila jibu. Sababu utaiona mbele.

Najua ukiuona mwandiko wangu utamwambia Tima kwamba dada Johari kaanza tena. Ndiyo, nimeanza tena. Miezi sita nasikiliza hiyo Wodi ya Rehema yako redioni, na miezi sita nauma meno. Nilinyamaza yule daktari wako, Daktari Nicanor, alipomwekea mtu aliyezimia kipimo cha homa mdomoni. Nilinyamaza homa ilipofika digrii mia na ishirini, ingawa mtu wa homa hiyo angekuwa mchuzi. Nilinyamaza mzee aliyepasuliwa tumbo alipoamka akaomba biriani, akapewa, tena akaongezwa. Lakini manesi wako, Ghalib! Kazi yao ni kulia, kudondosha sinia na kumpenda daktari. Mimi nina miaka kumi na moja katika kazi hii ya unesi na sijamwona nesi mwenye nafasi ya kumpenda mtu kabla ya saa kumi jioni. Vitanda atandike nani?

Ungejua hayo yananiletea nini hapa mlangoni, ungenionea huruma. Wagonjwa hawataki tena vidonge, wanataka sindano, kwa sababu kwako sindano moja humwinua mtu akatembea. Nikimpima mtu mapigo ya mkono nikanyamaza ili nihesabu, anaanza kuaga jamaa zake, maana Daktari Nicanor akinyamaza ujue mtu keshakwisha. Mwezi uliopita mama mmoja kutoka mtaa wa Shika Adabu alikataa kuonwa na mimi. Alisema amemjia Daktari Nicanor mwenyewe, na kama hayupo atamngoja. Akangoja mpaka adhuhuri.

Haya yote ningeyameza. Sasa nakuja kwenye Alhamisi iliyopita, siku uliyomuua Bi Dhahabu.

Mimi nilikuwa uani kwa Mama pamoja na wanawake wa mtaa, redio iko juu ya kinu. Miezi yote hiyo wamemfuata Bi Dhahabu na mimba yake, wanajua anakula nini na mumewe anamkera vipi. Basi ukampeleka chumba cha upasuaji, na Daktari Nicanor akapiga kelele kwamba mkono umeteleza, amekata mshipa wa roho. Mama na mtoto, wote wawili, dakika moja. Kisha ukatusikilizisha jembe na mchanga. Wanawake walilia, Ghalib, si mchezo. Mama alilia mpaka nikampa maji. Mimi peke yangu nilisimama katikati ya ua nikiuliza mshipa wa roho ndio mshipa gani. Nimesoma vitabu vyote walivyotupa chuoni na sijaukuta mahali. Hakuna mshipa huo! Umeutoa wapi?

Kesho yake, Ijumaa, wakamsomea hitma. Usicheke. Kila nyumba ilitoa mchele, halua ikapikwa, na Mwalimu Shee wa chuo cha Kurani akaja na wanafunzi wake wakasoma. Yeye hana redio, maskini. Alidhani Dhahabu ni jamaa wa mmoja wao. Aliposikia baadaye kwamba marehemu hajapata kuzaliwa, alikuja kunilalamikia mimi, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu. Na Jumamosi Mzee Ruwa, mwenye jipu kubwa kwenye tako, akakataa katakata nisimtumbue. Aliniuliza nina hakika gani kwamba mshipa wa roho haupiti hapo. Nikamwambia kama roho yake iko hapo basi ana shida kubwa kuliko jipu. Akaondoka kanuna, na jipu lake.

Ningekuwa naandika kwa ajili ya Mzee Ruwa tu, ningengoja tuonane Maulidi. Naandika kwa ajili ya Mwanasaumu.

Mwanasaumu unamjua, mke wa Mwidani muuza samaki, aliyekuwa akikuletea madafu ulipougua surua. Mimba yake sasa ni miezi tisa. Mtoto amelala kikingamo tumboni, si kichwa chini. Daktari wetu amemgeuza mara mbili kwa mikono, na mara mbili amerudi vilevile. Nyonga za Mwanasaumu nazo ni nyembamba. Miaka mitatu nyuma alishikwa na uchungu siku tatu, na mimi ndiye niliyempokea yule mtoto, akiwa kimya. Nilimfunika nikamkabidhi bibi yake Mwanasaumu, na mpaka leo nikipita mlango ule nageuza uso. Safari hii daktari alisema asingoje uchungu. Avuke kwa feri Ijumaa ya wiki hii, alale hospitali kubwa, Jumamosi apasuliwe. Mwanasaumu alikubali, na mumewe alikubali. Hata kanga zake alikuwa ameshazifunga.

Kisha akasikiliza redio.

Jumamosi jioni nilimkuta amekaa mkekani, kanga zimefunguliwa zimerudishwa kabatini. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba haendi. Alisema kama ni kufa, atakufa kwao na watu wake, hatakwenda kukatwa mshipa wa roho na mtu ambaye mkono wake umeteleza. Nikamweleza. Nikamchorea kwa mkaa sakafuni tumbo lilivyo na mtoto alivyolala. Nikamwapia kwamba mshipa huo haupo, ni maneno ya Ghalib ndugu yangu, ambaye akijikata na wembe wa ndevu huita jirani. Akaniuliza, kama haupo, Bi Dhahabu aliuawa na nini? Nikasema hakuna Bi Dhahabu. Akanitazama kana kwamba nimemtukana maiti. Akasema hitma yake aliihudhuria mwenyewe.

Mwidani alikaa mlangoni akikata kucha zilizokwisha kukatwa siku nyingi. Alisema hatamlazimisha. Bibi yake Mwanasaumu naye akasema mimi ni mtoto mzuri lakini kusoma kumenitia kiburi. Nilinyanyuka niondoke. Nilivaa kiatu kimoja, Ghalib. Nikamtazama Mwanasaumu alivyoliweka tumbo mapajani, nikauona mlango ule wa miaka mitatu nyuma.

Basi hapa ndipo nilipofika, na sijamwambia mtu, hata Mama. Nilivua kile kiatu nikakaa tena. Nikamwambia Mwanasaumu kwamba Bi Dhahabu hakufa. Nikasema ndugu yangu ndiye mwandishi, amenifunulia siri, na nisingepaswa kuitoa. Bi Dhahabu yu hai, alipasuliwa salama, na mtoto yu hai, wa kiume. Bibi akaniambia niape. Nikaapa. Wallahi, nilisema, na mkono nimeuweka kifuani. Tangu siku hiyo nafunga, iwe kafara ya kiapo cha uongo, na najua hata hivyo huenda isitoshe.

Mwanasaumu alilishika tumbo. Kisha akasema akimsikia Bi Dhahabu kwa masikio yake Alhamisi, sauti ileile, Ijumaa ataingia kwenye feri. Asipomsikia, haendi.

Huwa mnarekodi Jumatano, uliwahi kuniambia. Basi una siku mbili. Mfufue.

Najua utasema amezikwa na jembe limesikika. Najua pia kwamba mimi ndiye niliyekusumbua miezi sita nikidai ukweli, na leo nakuletea jambo ambalo daktari yeyote akilisikia atacheka mpaka aanguke. Cheka na wewe, kisha uandike. Nimekwisha kukutafutia njia. Sema wodini walilala wanawake wawili, na nesi akachanganya majina katika daftari. Aliyezikwa alikuwa mwingine, mgeni, aliyeletwa amechelewa mno. Tafadhali hilo la kuchelewa liseme wazi. Nesi mzembe, asiyesoma jina mara mbili. Jambo hilo halijatokea mikononi mwangu hata siku moja, na mtu mwingine angeliandika ningevuka feri nikamtandika kwa ndala.

Na Bi Dhahabu akizungumza, mwache aseme kwamba alilazwa usingizi wa dawa na hakusikia kisu. Aseme kidonda kinamuuma akikohoa. Kinauma kweli, na Mwanasaumu lazima ajue. Asipewe biriani. Apewe uji.

Mpe jibu Thoya kwa neno moja tu. Nisalimie Tima sana, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mama anasema uje Jumapili, amekuwekea pweza mkavu, na hajui kwamba nimekuandikia. Niombee kwa Mola anisamehe kiapo changu, nami nitakuombea usamehewe mshipa wako.

Jambo la mwisho. Yule nesi aliyechanganya majina atahitaji jina, maana watu wa huku hawaamini mtu asiye na jina. Usimbunie. Mwite Johari, nesi wa Likoni. Watanisuta mwaka mzima, na Mzee Ruwa hatanivulia suruali tena. Lakini Mwanasaumu akilisikia jina langu atajua nilikuwamo ndani ya siri, na ataamini.

Wasalaam,
dada yako,
Johari