Mahindi ya Juu ya Moto

Kilifi, 3 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. U hali gani, na goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila masomo yananibana. Huu mwaka wa mwisho tumegawanywa vikundi, na kikundi chetu kimeunda mashine ya kupukuchua mahindi, ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Mwalimu anataka tuijaribu kwa mkulima. Nimewaambia wenzangu kuna mkulima ninayemjua huko Magarini. Tutakuja Jumamosi ijayo.

Nina ombi, usinichukie. Siku hiyo usitukaribishe jikoni. Wenzangu hawajazoea moshi. Tuwekee viti uani.

Mwanao,
Easter

Magarini, 24 Februari 2025

Easter mwanangu,

Marahaba. Goti liko vile vile, nashukuru. Nakupigia simu hupokei, basi nimempa Purity wa jirani barua hii akuletee, maana barua haikatwi kama simu.

Mlikuja, na viti niliweka uani ulivyotaka. Kijana wenu mmoja akakuuliza mimi ni nani wako. Nikakusikia ukijibu, "Ni mama mwenyeji wetu." Nimekulea tangu mamako alipofariki, lakini nikajiambia labda ndio utaratibu wa shule.

Mahindi ya ghalani yalikuwa na unyevu, mashine ikakwama. Ndipo ukaingia jikoni mwenyewe, ukayaangua yale yaliyoning'inia juu ya moto, ukawaambia haya ndiyo makavu. Easter, ile ndiyo mbegu yetu, na wewe umekulia chini yake. Nilikukonyeza, ukaangalia pembeni. Ningepaza sauti ningekuaibisha mbele ya wenzako. Yalipukuchuka upesi, mkapiga makofi na picha.

Juzi nimelowesha mbegu kidogo nione kama itaota. Haikuota hata moja, mashine imeipasua. Mvua i karibu na sina cha kupanda. Niambie, ulisahau au ulinionea haya?

Shangazi yako,
Nyevu

Kilifi, 30 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nashindwa hata kuuliza hali yako. Barua yako nimeilalia mwezi mzima.

Sikusahau. Mashine ilipokwama wote walinitazama mimi niliyewaleta, na nikaona heri mbegu iharibike kuliko mimi kuchekwa. Nimeona aibu, Shangazi, na aibu yenyewe ni kwamba nilikuonea haya wewe.

Juzi tuliwaonyesha walimu kazi yetu. Mmoja akauliza kama yule mkulima aliridhika. Nikasema aliridhika mno. Tukashika nafasi ya kwanza, wenzangu wakanibeba juu juu, na mimi natamani ardhi inimeze.

Leo nimewaambia wote, pamoja na mwalimu, kwamba mashine inapasua mbegu, na kwamba yule mkulima ndiye shangazi aliyenilea. Ushindi umefutwa mpaka tuirekebishe. Wenzangu wawili hawasemi nami, na siwalaumu. Sasa nataka nije nisimame mbele ya akina mama wa kikundi chako cha kusaidiana mbegu, niwaambie ni mimi niliyekumalizia mbegu.

Mwanao,
Easter

Magarini, 9 Aprili 2025

Easter mwanangu,

Marahaba. Mvua imekwisha kunyesha, nawe umechelewa.

Unajua huku kwetu mtu akiomba mbegu huulizwa yake ilikwenda wapi. Nilikwenda na bakuli langu kwa Gladys, kikundi kinapokutana, akina mama wote wapo, akaniuliza. Nikajibu, "Niliila." Ningesema nini? Kwamba mtoto wangu aliivunja kwa kunionea haya? Nikaona heri niitwe mlafi. Wamenicheka sana. Sasa naitwa Nyevu Kala Mbegu, na watoto wa njiani wameshalishika jina. Usiku huo nililia, sikufichi. Lakini kila mmoja alinipa hindi moja kutoka juu ya moto wake, na nimepanda nusu ya shamba.

Kwa hiyo usije kuwaeleza lolote. Ukiniondolea ulafi utanivika uongo, na mimi nimechoka kuaibika. Njoo na jembe, palizi haingoji. Ukitaka, waje na wenzako, hata hao walionuna. Safari hii mtakaa jikoni, na moshi upo pale pale. Akitokea wa kukuuliza mimi ni nani wako, jibu kwa sauti, nikusikie.

Shangazi yako,
Nyevu