Chupa ya Mama Rehema

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika Mkonze. Hatujambo, ila babu yako anakohoa.

Unasema vituo vya kukusanya chupa vimeongezeka huko na vinaajiri vijana, nawe unauliza kama ni kazi ya aibu.

Nilipokuwa darasa la sita, soda zilikuwa zimeanza kujaa tena madukani. Dada yangu Salome, mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, alitamani soda ya machungwa. Mwenye duka akaniambia, "Huna chupa tupu? Basi inywe hapahapa."

"Si yangu, ni ya mgonjwa."

"Lete chupa, mwanangu."

Nikakimbilia kwa jirani yetu, mama Rehema. "Chukua hii. Ole wako uivunje!"

Salome alikunywa mafunda mawili, akatabasamu. Hakuimaliza.

Baada ya mazishi niliiosha ile chupa, nikairudisha huku nalia. Mama Rehema aliipokea kwa mikono miwili, akaishika kifuani kwanza, ndipo akaiweka ndani.

Ukiipata kazi hiyo, Neema, pokea chupa za watu hivyohivyo. Hujui zimetoka kumnywesha nani.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea.