Gramafoni Ndani ya Kasha

Timbwani, Likoni

Kwa mume wangu, Baba Athmani,

Assalaam alaikum. Kabla ya yote nakujulia hali wewe na goti lako. Bi Mkubwa mama yako anakula? Na mwanetu Zuhura na mumewe, na yule mjukuu aliyekuwa akiota meno? Na shemeji Shee, kifua kimemwachia? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mke wa Athmani ametoka arubaini salama, na kichanga kinenenene, uso wako mtupu.

Baba Athmani, barua hii ina ombi kwa ajili ya mwanao. Tafadhali isome yote, usiikunje njiani. Najua ulisema aliyeacha patasi akashika bisibisi hana lake tena kwako. Lakini mimi nimeona kwa macho yangu.

Wazikumbuka gramafoni za sanduku, za kuzungusha kwa mkono? Athmani anaziunda upya. Sasa zinakwenda kwa betri, maana nyumba nyingi huku hazina stima. Ya kwanza aliitengenezea vijana: nyeusi, kifuniko cha plastiki, yang'ara kama kiatu cha askari. Vijana wakamcheka, wao wana kaseti zao. Waliokuja ni wanawake wa rika langu, santuri za taarabu za harusi zao zimelala tu, hawana pa kuzipigia. Wakaitazama, wakaguna. Mmoja wa Kiembeni akamwambia, "Mwanangu, hii niiweke ukumbini? Mgeni akiingia atadhani nauza tembo la mnazi."

Athmani akanyong'onyea siku mbili. Mimi, nisiyejua hata kutia betri kwenye tochi, nikamwambia aitie ndani ya kasha. Basi akaliunda la mvule, misumari ya shaba, lafungwa kwa ufunguo. Likishafungwa, hata maalimu aweza kuliegemea asijue kilichomo. Wallahi nimepitisha ukucha kwenye viungo, haukupata pa kuingia. Mafundi wa Siyu wenyewe wangenyamaza. Nikajua mkono ule kaufunza nani.

Yule bibi wa Kiembeni amerudi. Ataka moja kwa vyombo vya harusi ya bintiye, na wenziwe watatu wangoja kuiona yake. Ila ataka nakshi mbele. Nikamwambia Athmani atie waridi la nyumba yetu, si alilichonga nawe tangu mdogo? Akaweka patasi chini.

"Waridi ni la baba, mama. Hajanipa idhini, na mimi siibi."

Nimemwambia achonge ua jingine, hataki. Kasha limekwisha, ubao wa mbele mtupu, na harusi ni mfungo mosi, mwezi wa Idi. Usiku namsikia akigeuka kitandani, nami sipati usingizi. Nakusihi, mume wangu, usimhukumu kwa maneno ya zamani.

Nisalimie mwalimu wa chuo, na jirani yetu msusi wa mikeka, na wote waniulizao.

Ukikubali achonge waridi lako, sema. Ukikataa, sema vilevile, ajue. Usingoje posta, mpe jibu yeyote apandaye basi Mokowe kuja huku wiki hii.

Mkeo akuombeaye,
Mama Athmani