Wingu Lisilofukuzwa na Upepo

Shangazi Kabula,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia kama siku zote: "Marahaba, betri umechaji?" Nimechaji, zote mbili. Ndiyo maana nimepata ujasiri wa kukuandikia.

Kwanza habari za huku. Msiba wako tuliumaliza salama. Walikuja mpaka watu wa Sengerema, wakavuka maji na mchele wao. Mama mmoja wa kanisani akasimama kukusifu, akasema marehemu alipenda sana kupiga picha vichwa. Watu wakaguna. Vichwa vya nani tena? Ikabidi niinuke nieleze kwamba ni vichwa vya treni, vinavyovuta mabehewa ya mizigo, na kile cha mvuke kilichoota kutu, ulichokipiga picha mpaka ukazijua nati zake. Watu wakacheka. Baba naye akacheka, kisha akamlilia dada yake mbele ya wakwe.

Nyumba yako ya Buswelu nakaa mimi. Picha zako sijaigusa hata moja ukutani.

Haya, nimezunguka vya kutosha. Nina jambo la kukuungamia.

Ulipolazwa ulinipa kamera, ukasema kadi imejaa, nifute takataka tu. Nikaifungua kwenye kompyuta. Treni zote nikaziacha. Halafu nikakuta folda uliyoiandika WINGU. Ndani giza tupu, nukta za nyota, na doa jeupe hafifu kama unga uliomwagika kwenye meza. Nikasema hizi zimeharibiwa na wingu. Wewe, uliyepewa jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, hakuna mtu Mwanza nzima aliyekuwa akiyatukana mawingu kukushinda! Nikafuta zote. Nikafuta na kwenye kapu la taka, kwa uhodari wangu.

Jumapili ile ya mwisho ukaniuliza, "Wingu langu lipo?" Nikatazama dirishani, mawingu yametanda juu ya ziwa. Nikadhani ni homa inasema. Nikajibu, "Lipo, Shangazi." Ukatabasamu, ukalala.

Tulipokwisha kukuzika nikafungua daftari lako. Umeandika kwa ule mwandiko wa karani wa tiketi, herufi zimesimama foleni: "Wingu. Ni galaksi, kundi kubwa la nyota, jirani yetu huko mbali. Waliiita wingu kwa kuwa inafanana nalo, ila hili upepo wa ziwa hauliondoi. Miaka saba nalitafuta, leo nimelipata. Milembe alichape kubwa."

Jamani, Shangazi. Nilikaa sakafuni na daftari mapajani. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuja pacha: nimekufutia wingu lako, na nikakudanganya ukiwa unakufa.

Nilikaa na siri hiyo mpaka Februari, anga lilipotakata. Nikamwambia Baba. Unamjua, yeye wa "mwanamke mzima unafukuza treni". Nilitegemea maneno. Akauliza stendi ya kamera iko wapi.

Tukaenda kwenye lile jiwe nililozoea kungojea treni na wewe, linaloitazama reli kwa juu, kupita Bujora. Baba alibeba stendi begani kama jembe. Picha ya kwanza ikatoka nyeusi. Ya pili ikatikisika, maana alikohoa akiwa ameishika. Treni ya mizigo ikaja polepole, mabehewa yakigongana, nami nikaufungua mlango wa lenzi nikahesabu sekunde kama ulivyonifundisha, kwa Kisukuma, ili nisiharakishe. Ikatoka. Chini mstari wa taa ya kichwa, juu yake, upande wa kusini, doa.

Baba akainama kwenye kioo. "Mbona kuna wingu?"

Nikamwambia ndiyo, lenyewe. Akalitafuta angani mpaka akaliona. Akakaa pale nusu saa, akingoja upepo ulipeleke, akanyoosha na kidole kupima kama linasogea kuelekea ziwani. Mwisho akasema, "Kabula alisema kweli," akakunja koti lake.

Sikudanganyi tena: yako ilikuwa nzuri zaidi. Ukiacha wewe, duniani aliyeiona ni mimi peke yangu, kwa muda wa kubonyeza kitufe kimoja. Hilo nitakufa nalo, na naomba unisamehe.

Hii yangu nimeichapa kubwa kama ulivyoagiza. Iko sebuleni, karibu na kile kichwa cha mvuke. Kila Februari nitarudi kwenye jiwe, na Baba ameshasema nisimwache, mpaka nipate moja inayofikia ile yako. Na folda nimeiandika kwa herufi kubwa: WINGU LA SHANGAZI. USIFUTE.

Lala salama, Shangazi yangu. Siku tutakayoonana najua utauliza kabla sijamaliza shikamoo. Uliza tu. Lipo.

Mwanao,
Milembe